Namna ya Kuandika Historia ya Flotila ya Destroya za Kiingereza Ukiwa Unguja au Pemba

Mtu anayeamua kuandika historia ya flotila ya destroya za Kiingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia huanza, mara nyingi, kwa kosa moja: hulichukulia jina la flotila kana kwamba ni jina la ukoo, akadhani kuwa meli zote zilizoandikwa chini ya jina hilo zilikaa pamoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kosa hilo nililifanya mwenyewe. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika kwamba Flotila ya Tano, chini ya Kapteni Lord Louis Mountbatten, ilipigana na Waitalia katika Bahari ya Sham mwezi wa Juni 1940. Mzee mmoja wa Vuga, ambaye alikubali kunisomea rasimu ile baada ya sala ya alasiri, aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, huyo Mountbatten mwezi huo alikuwa juu ya meli gani?” Sikuwa na jibu. Meli yake, Kelly, mwezi huo ilikuwa inatengenezwa katika mto Tyne, kaskazini ya Uingereza, baada ya ubavu wake kupasuliwa na topido, yaani kombora linalokwenda chini ya maji.

Njia nitakayoieleza hapa ndiyo niliyoifuata tangu siku ile. Inataka subira kuliko elimu, na sehemu yake kubwa inaweza kufanyika mtu akiwa na daftari, penseli na simu yenye intaneti, bila ya kuondoka Mjini wala Chake Chake.

Kwanza yaelewe maneno yenyewe. Sisi tumezoea kuiita kila meli ya vita manowari, neno ambalo mabaharia wetu walilichukua kutoka kwa Waingereza wenyewe, na kwa hiyo neno hilo halitutofautishii meli ndogo na kubwa. Destroya ni manowari nyepesi na yenye mbio, iliyobuniwa mwishoni mwa karne ya 19 ili kuziangamiza mashua za topido, kisha ikapewa kazi nyingine nyingi: kulinda misafara ya meli za mizigo, kuwinda nyambizi, kushusha askari pwani, kuokoa watu majini. Flotila ni kundi la destroya, kwa kawaida nane au karibu na hapo, likiongozwa na ofisa mmoja ambaye alijulikana kwa cheo chake na herufi D, na ambaye meli yake ilikuwa na nafasi zaidi kwa ajili ya makarani wake na watu wa mawasiliano. Yaani flotila ni mpangilio wa ofisini. Ofisi ikibadili mawazo, au bahari ikiamua vinginevyo, mpangilio hubadilika, lakini namba ya flotila hubaki ile ile. Hapo ndipo waandishi wengi hupotea.

Chora jedwali kabla ya kuandika sentensi hata moja

Chukua karatasi pana. Upande wa kushoto andika majina ya meli, moja kwa kila mstari. Juu andika miezi, kuanzia Septemba 1939. Katika kila chumba cha jedwali andika jambo moja tu: meli ilikuwa wapi mwezi ule. Usiandike ushujaa, usiandike majina ya maofisa, andika mahali. Nakushauri ujizoeze kwa Flotila ya Tano, kwa sababu majina yake hayasahauliki. Meli zake nane za asili zote zinaanza kwa herufi K: Kelly, Kandahar, Kashmir, Kelvin, Khartoum, Kimberley, Kingston na Kipling.

Anza na mstari wa Kelly, kisha utazame namna sifa na jedwali vinavyopishana. Meli hii ndiyo inayokumbukwa kuliko zote, lakini vyumba vyake vingi vitajazwa na neno moja: matengenezo. Tarehe 14 Disemba 1939 iliumizwa na bomu lililotegwa baharini karibu na mlango wa mto Tyne. Mwezi wa Machi 1940 iligongana na manowari mwenzake, Gurkha. Usiku wa tarehe 9 Mei 1940 ilipigwa topido na mashua ya Kijerumani katika Bahari ya Kaskazini, watu 27 wakafa, na ikafungaswa kwa zaidi ya saa 90, huku ikiwa imelala upande na ndege zikiinyemelea, hadi ikarudi Tyne ilikojengwa. Haikuingia kazini tena mpaka mwezi wa Disemba mwaka ule. Msomaji aliyelelewa na hadithi za Mountbatten atashangaa kuona jinsi siku za baharini zilivyokuwa chache.

Sasa shuka katika mistari ya Kandahar, Khartoum, Kimberley na Kingston. Katikati ya mwaka 1940 meli hizi nne hazikuwa na kiongozi wao hata kidogo. Zilikuwa Bahari ya Sham, zikilinda njia ya Aden, maji ambayo majahazi yetu yaliyajua kwa pepo za kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya destroya. Tarehe 23 Juni 1940 Kandahar, Khartoum na Kingston, pamoja na manowari ndogo Shoreham, ziliizamisha nyambizi ya Kitaliano Torricelli karibu na kisiwa cha Perim, kwenye mlango wa Bab el Mandeb. Siku ile ile, saa kadhaa baadaye, Khartoum iliwaka moto na kuharibika kabisa. Tarehe 21 Oktoba 1940 Kimberley ilipambana na destroya ya Kitaliano Francesco Nullo karibu na kisiwa cha Harmil, ikaiangamiza, na yenyewe ikapigwa na mizinga ya nchi kavu. Ukiyajaza hayo katika jedwali utaona kwa macho yako kwamba “Flotila ya Tano mwaka 1940” ni maneno yasiyo na mahali pamoja.

Upande wa pili wa jambo hilo ni meli za nje zinazoingia. Mwezi wa Aprili 1941 Mountbatten alipoiongoza flotila yake kwenda Malta, alikuwa na Kelly, Kashmir, Kipling na Kelvin, na alikuwa pia na Jackal na Jersey, ambazo herufi zake zinakwambia kuwa zilitoka katika kundi jingine. Kwa hiyo acha mistari mitupu chini ya jedwali lako. Jersey, kwa mfano, itahitaji mstari mfupi sana, kwa sababu tarehe 2 Mei ilipigwa na bomu la kutegwa katika mlango wenyewe wa bandari ya Malta.

Wapi pa kutafuta

Mahali pa kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London. Huhitaji kwenda huko ili kuanza, kwa sababu orodha yake inasomeka kwenye mtandao bila malipo. Nyaraka za jeshi la majini zimewekwa chini ya herufi ADM. Mtafiti mgeni hukimbilia ADM 53, ambako ndiko ziliko batli za meli, akitaraji kusoma kila saa ya kila siku. Atavunjika moyo. Batli nyingi za destroya za Vita vya Pili hazikuhifadhiwa. Zilizobaki kwa wingi ni za meli kubwa. Jifunze basi kuzunguka. ADM 199 ina taarifa za mapigano na za misafara, zilizoandikwa na maofisa baada ya tukio, na ADM 187 ina orodha zilizoonesha mara kwa mara kila manowari kubwa, zikiwemo destroya, ilikuwa bandari gani au njiani kwenda wapi. Hii ya pili ni kavu kama samaki ng'onda, haina hata sentensi moja ya kupendeza, nami naipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayojaza jedwali.

Orodha za maofisa wa jeshi la majini zilizochapwa wakati wa vita zimewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Scotland. Gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, nalo linasomeka bure, na humo utapata nishani na baadhi ya taarifa za maamiri zilizochapwa baada ya vita. Kwa waliokufa, tumia kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo unaweza kuzitafuta kwa jina, kwa meli au kwa tarehe. Ukitafuta kwa tarehe utagundua jambo ambalo vitabu huliruka: wengine walikufa wiki kadhaa baada ya pigano, hospitalini, na tarehe ya kifo chao haifanani na tarehe ya meli yao.

Nyumbani, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Uliza kwanza utaratibu wa kibali, na ueleze unachotaka kwa maneno machache, kwa sababu karani aliyezowea majalada atakusaidia haraka zaidi ukimwambia “bandari, 1942” kuliko ukimsomea hotuba juu ya Vita vya Dunia. Majalada mengi ya Sekretarieti ya zamani yana alama ya AB. Usitaraji kukuta humo mapigano ya Krete. Kinachotafutwa humo ni habari za bandari: makaa na mafuta, vibarua, chakula kilichoadimika, amri za kuzima taa, na vikosi vya majini vya kujitolea vilivyoundwa Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Magazeti ya wakati ule, kama Al-Falaq, Samachar na Zanzibar Voice, yasome ukijua kwamba habari za meli zilipita kwanza mikononi mwa wakaguzi, kwa hiyo meli inaweza kuzama mwezi huu na gazeti likanyamaza.

Saa, tarehe na mwezi mwandamo

Hapa pana mtego wetu wenyewe, ambao mwandishi wa Ulaya haujui. Saa za wanamaji huandikwa kwa tarakimu nne kuanzia usiku wa manane. Anayesoma 0200 kwa haraka huandika “saa mbili”, naye msomaji wake wa Kiswahili akaelewa kuwa jua limekwishatoka, ilhali ni saa nane za usiku. Katika rasimu andika tarakimu kama zilivyo, na uzigeuze mwishoni zote kwa pamoja, ukitaja wakati wa siku: alfajiri, asubuhi, adhuhuri. Angalia pia herufi iliyobandikwa baada ya tarakimu, kwani Z maana yake ni saa za Greenwich, na meli iliyoko mashariki ya Mediterania inayaona macheo mapema kuliko saa hiyo inavyosema.

Wazee nao hawakumbuki kwa Oktoba. Hukumbuka kwa Ramadhani, kwa mfunguo, kwa msimu wa karafuu, kwa kusi lililochelewa. Kumbukumbu hizo ni nzuri na hupatana na kalenda ukizishughulikia. Lile pigano la Kimberley na Francesco Nullo, kwa mfano, lilitokea ndani ya Ramadhani ya mwaka 1359 wa Hijria. Mtu akikwambia kuwa habari za manowari kupigwa kule Bahari ya Sham zilifika kwa redio watu wakiwa wamefunga, usimkatalie kwa sababu hakutaja tarehe.

Vyanzo vinapogombana

Vitagombana tu. Tulikulia katika mji ambao vita vyake na Waingereza vya tarehe 27 Agosti 1896 huhesabiwa na mmoja kuwa dakika 38 na mwengine kuwa dakika 40 au 45, kutegemea risasi gani anaihesabu kuwa ya kwanza na ipi ya mwisho. Haifai basi tushangae mambo ya Perim yakisimuliwa namna mbili. Khartoum iliungua kwa sababu mtungi wa hewa wa mojawapo ya topido zake ulipasuka, jambo hilo halina ubishi. Ubishi uko katika sababu ya kupasuka. Upande wa Italia umeshikilia kuwa mtungi ulidhuriwa na kombora la mzinga wa Torricelli, na hivyo nyambizi ile ndogo inapewa heshima ya kuiua destroya. Upande wa Uingereza umeihesabu kuwa ajali iliyotokea saa kadhaa baada ya pigano kwisha. Andika yote mawili, ukisema nani anasema lipi na kwa nini angependa iwe hivyo. Kisha toa rai yako. Mimi huegemea kwenye ajali, kwa kuwa saa zilizopita kati ya mizinga na moto ni nyingi mno.

Pigano la Krete lina taabu ya namna nyingine: vyanzo havigombani, vimejaa utukufu. Asubuhi ya tarehe 23 Mei 1941, kiasi cha saa mbili, ndege za Kijerumani aina ya Stuka ziliziangukia Kelly na Kashmir kusini ya kisiwa hicho. Kashmir ilizama kwa dakika mbili. Kelly ilipinduka ingali inakwenda mbio, mizinga yake ikiendelea kufyatua. Vitabu vingi hukaa hapo na Mountbatten majini. Jedwali lako litakupeleka kwa Kipling, ambayo ilikuwa imeachwa nyuma usiku ule kwa hitilafu ya usukani, na kwa hitilafu hiyo ikawepo kuokoa watu 279 wa meli zote mbili, huku ikishambuliwa na ndege kwa muda wa saa nyingi. Ilirudi Alexandria mafuta yakiwa yameishia. Nahodha wake, Aubrey St Clair-Ford, anastahili kurasa zaidi ya anazopewa. Wala usiiache Kipling hapo: tarehe 11 Mei 1942 nayo ilizamishwa na ndege, pamoja na Lively, na Jackal iliyoumizwa siku hiyo ikazamishwa kwa mkono wa wenyewe kesho yake.

Kandahar na Kingston zinataka mistari miwili mitatu tu. Ya kwanza iliingia katika mabomu ya kutegwa nje ya Tripoli tarehe 19 Disemba 1941 ikijaribu kuisaidia kruza (manowari kubwa kuliko destroya) iitwayo Neptune, tezi ikakatika, na siku ya pili yake Jaguar ikachukua mabaharia wake na kuizamisha. Ya pili ilipigwa mabomu ikiwa ndani ya chelezo huko Malta mwezi wa Aprili 1942, haikutengenezwa tena.

Ukitaka kuivuta historia karibu na pwani yetu

Baada ya Wajapani kuzishambulia Colombo na Trincomalee mwezi wa Aprili 1942, Admirali James Somerville alihamishia Kilindini sehemu ya kundi la manowari za Kiingereza lililoitwa Meli za Mashariki, na Mombasa ikajaa mabaharia. Hata Shule ya Allidina Visram iligeuzwa kuwa makazi ya wafumbuzi wa misimbo ya Kijapani. Ukichagua destroya za wakati huo badala ya za herufi K, wazee wa Pemba wanaweza kukupa kitu ambacho Kew hakuna, kwa kuwa ni safari fupi kutoka Wete hadi Mombasa na watu walikwenda na kurudi kwa majahazi.

Lakini jihadhari na neno flotila hapo pia. Msafara KR 8, uliotoka Mombasa kwenda Colombo mwanzoni mwa Februari 1944, ulilindwa na kruza Hawkins na destroya mbili tu, Paladin na Petard, kwa hiyo ukiuandika kana kwamba flotila nzima ilikuwepo utakuwa umeficha jambo lenyewe lililotokea. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili Khedive Ismail, meli ya msafara iliyobeba askari, ikazama kwa chini ya dakika tatu. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na wanawake wa jeshi la majini. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Petard ilitupa mabomu ya kina hapo hapo walipokuwa watu. Paladin ilijaribu kuigonga nyambizi ilipoibuka, ikapasuka ubavu, na mwishowe topido ya saba ya Petard ndiyo iliyoimaliza I-27.

Ukifika mahali kama hapo, andika polepole. Petard ni meli yenye sifa kubwa: mabaharia wake walitoa vitabu vya siri ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559 tarehe 30 Oktoba 1942, na Anthony Fasson na Colin Grazier wakazama nayo wakiendelea kuvitoa. Meli ile ile, chini ya amri nyingine, ndiyo iliyotupa mabomu katikati ya manusura. Yaweke yote mawili katika mstari mmoja wa jedwali, kila moja kwa tarehe yake. Majina ya askari wa Afrika Mashariki waliopotea na Khedive Ismail yatafute katika kumbukumbu za makaburi zinazohusu Mnara wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi, na utazame tahajia kwa namna nyingi, kwa sababu karani Mwingereza aliandika alivyosikia: Juma, Jumaa na Juma bin nani wanaweza kuwa mtu mmoja.

Ukimhoji mjukuu wa askari au baharia, mpe shikamoo ya mkubwa wake kama yupo, nywa kahawa uliyopewa, na usitoe daftari kabla hujaulizwa umekuja kwa lipi. Omba kuiona nishani, barua au cheti cha kuachishwa kazi. Namba iliyochapwa kwenye cheti hicho ina thamani kuliko saa nzima ya masimulizi, lakini sikiliza masimulizi kwanza.

Mwishowe utabaki na mistari miwili isiyo na alama ya kuzama. Kelvin na Kimberley ndizo pekee kati ya zile nane zilizoumaliza mwaka 1945, na kwa sadfa ambayo jedwali pekee ndilo lililonionesha, zote mbili zilimchukua Churchill kwenda kutazama vita: Kelvin alipovuka kwenda Normandy tarehe 12 Juni 1944, na Kimberley aliposhuhudia askari wakishuka kusini mwa Ufaransa tarehe 15 Agosti mwaka huo huo. Katika chumba cha mwisho cha mistari yao andika 1949, mwaka walipouzwa kuwa chuma chakavu.